Shamsia na Njia ya Nyuma

Ukipita kijiji cha Zinga asubuhi, utasikia cherehani za Shamsia kabla hujamwona mwenyewe. Anashona sare za shule. Ana cherehani nne za umeme na wafanyakazi watatu. Mwanamvua ndiye mkata vitambaa. Chausiku na Bilali ni washonaji.

Mwaka huo masika yalikuja na hasira. Alfajiri moja maji yaliingia kiwandani. Vitambaa vikaelea, tope likajaa.

Shamsia aliwatazama wenzake. Aliona haya kuwaambia kwamba hajui kazi itarudi lini. Akasema, "Jamani, nendeni nyumbani kwanza. Tutaonana."

Mwanamvua alitungua mkasi wake msumarini, akaufunga katika khanga, akaondoka nao. Miaka tisa mkasi ule ulikuwa ukilala palepale ukutani. Shamsia hakuona kwamba umeondoka.

Wiki tatu zikapita. Shamsia hakuwa na neno la kuwapa wenzake. Mtu utamwendeaje mwenzio mikono mitupu na mdomo mtupu? Basi akaiacha barabara. Akawa anapita njia ya nyuma, katikati ya mihogo, asikutane nao. Siku moja alimwona Mwanamvua kwa mbali. Akajibanza nyuma ya choo cha jirani mpaka apite. Mama mzima, na mkoba wake mwekundu begani.

Jumatano simu ikalia. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya Bagamoyo mjini. Alitaka sare mia na ishirini, na shule zingefunguliwa baada ya wiki sita.

Moyo wa Shamsia ulipiga kama ngoma ya harusi. Alikwenda kiwandani mbio, akashika ufagio, akaanza kufagia huku anaimba.

Bi Mosi, jirani yake, alichungulia dirishani. Bibi huyu alikuwa afisa kazi kabla ya kustaafu.

"Unafagia na unaimba. Unaozesha?"

"Shikamoo, Bi Mosi. Hii yapita harusi. Nimepata sare mia na ishirini. Najaribu cherehani moja hapa, kisha nawapigia wenzangu. Kesho saa moja wote kazini."

"Marahaba. Ondoa mkono kwenye hiyo swichi."

Bi Mosi aliingia. Aliweka kiganja ukutani, kikatoka na unyevu. "Maji yalifika wapi?"

"Pale, kwenye mstari wa tope."

"Na soketi yako iko juu ya mstari au chini?"

Shamsia alitazama. Soketi ilikuwa chini. Akauficha mkono wake mgongoni, kama mtoto aliyekutwa na sukari.

"Sasa tuzungumze habari za wenzako," alisema Bi Mosi. "Kitendawili."

"Tega."

"Nimemfunga mbuzi wangu bila kamba. Malishoni haendi, na majani simpelekei."

Shamsia aliwaza, akashindwa.

"Basi nipe mji."

"Nakupa Lugoba."

Bi Mosi aliguna. "Umetaja Lugoba? Huko ndiko anakokwenda Mwanamvua. Kuna fundi cherehani kamwita kazini. Ijumaa asubuhi anapanda basi."

Ufagio ulimtoka Shamsia mkononi. Bila mkata vitambaa hakuna sare hata moja. "Lakini mimi sikumfukuza."

"Ulimwambia hivyo?"

Shamsia aliinama kuuokota ufagio.

"Mbuzi ni mfanyakazi aliyeambiwa 'tutaonana'," alisema Bi Mosi. "Hajui kama ana kazi au hana. Kazi ikisimama kwa muda, mwajiri huwaita watu wake. Huwaambia kwa nini, na mpaka lini. Wanakubaliana kuhusu malipo na jinsi ya kupeana habari. Kisha wanaandika. Twende kwake. Na tupite barabarani."

Walimkuta Mwanamvua anafunga sanduku. Mkasi ulikuwa juu ya nguo.

"Karibu, bosi," alisema. "Nilidhani umehamia kwenye mihogo."

"Dada Mwanamvua, mimi..."

"Siku ile nyuma ya choo nilikuona. Wewe ulijificha, mkoba ukabaki nje."

Bi Mosi alikohoa ili asicheke. Shamsia alikaa mkekani.

"Nisamehe, dada yangu. Niliona haya. Sikuwa na tarehe, sikuwa na jibu."

"Ungekuja uniambie kuwa huna jibu. Hilo nalo ni jibu."

"Sasa ninalo. Kazi yako ipo. Tumepata sare mia na ishirini, lakini hatufungui mpaka fundi umeme aseme pako salama. Nadhani wiki mbili. Zikizidi, nitakuja mwenyewe kukwambia. Kwa siku tulizofunga, mshahara mzima siuwezi. Nusu naiweza. Wewe unaonaje?"

Mwanamvua aliuchukua mkasi, akaufungua, akaufunga tena. "Nusu nikiijua, nitaipangia. Kilichonichosha ni kutojua. Na wenzangu?"

"Kesho nawaita. Nao watasema yao."

"Jambo hili halilazimishwi," alisema Bi Mosi. "Asiyeridhika aseme, mzungumze tena. Mkikwama, ofisi ya kazi ipo."

Waliandika karatasi mbili, kwa mafuriko haya na yatakayokuja, wakatia sahihi. Moja alibaki nayo Mwanamvua. Akalifungua sanduku lake, akaanza kutoa nguo.

Alhamisi Chausiku na Bilali walikuja kiwandani, wakakubali nusu nao, wakatia sahihi. Chausiku alisema ana pumu, na ukungu ulioota kwenye kuta zenye unyevu utamuua. Hakuna aliyemcheka. Wakakubaliana ashone vifungo barazani mpaka kuta zikauke.

Ndipo akaja Rehan, fundi umeme mwenye leseni. Alizima umeme wote kwanza. Alibadilisha nyaya, akapandisha soketi mpaka usawa wa kifua. Alipofungua cherehani ambayo Shamsia alitaka kuijaribu, maji yalidondoka.

"Ungeiwasha hii, mama, umeme ungekuua," alisema.

Ukungu waliukwangua, madirisha wakayaacha wazi. Zile wiki mbili zikawa tatu. Shamsia alipita nyumba kwa nyumba kuwaambia, kama alivyoahidi.

Siku ya kufungua, wote walifika kabla ya saa moja. Bilali alikuwa amevaa kanzu ya Idi. Hawakuanza kushona. Shamsia aliwaonyesha kwanza swichi kuu iko wapi, na nani ataizima maji yakiingia tena. Kisha akawasha. Cherehani zikanguruma zote pamoja. Bi Mosi akapiga kigelegele dirishani. Sare zilifika mjini siku tatu kabla shule hazijafunguliwa.

Vuli ilipokuja, mbingu ilikuwa nyeusi tena. Shamsia aliwaita wenzake. "Tunafunga leo na kesho. Nusu mshahara, kama tulivyoandika. Keshokutwa saa mbili nitapita kwenu, mvua iwe imekatika au haijakatika."

"Utapita wapi?" aliuliza Mwanamvua.

"Barabarani."

"Na mkoba?"

"Na mkoba."

Walicheka mpaka Chausiku akashika mbavu. Kisha kila mtu akachukua mwavuli wake. Mwanamvua alitoka wa mwisho. Mkasi wake aliuacha msumarini.