Risasi Moja Iliyosalia

Baba alinituma ndimu. Basi, ndimu tu. Mpaka leo achari sitengenezi, na samaki namla bila kumkamulia kitu.

Ilikuwa mwezi wa Rajabu, mwaka jana, hapa kwetu Matondoni, kisiwani Amu. Baba yangu, Bwana Famau, alikuwa amelala miezi mitatu. Kiharusi kilimchukua upande wa kulia, kikamkunja mkono kifuani kama aliyeficha kitu kwapani. Daktari wa Amu alitwambia tumrudishe nyumbani tumtunze, na sote tukaelewa maana yake. Lakini Baba hakupona, wala hakufa. Watu walikuja wakamsomea Yasini, wakaenda zao, wakaja tena. Alikuwa kama mgeni aliyekwisha kuaga, kisha akasimama mlangoni asiondoke. Nilimwonea huruma mpaka nikawa namwombea mauti, Mungu anisamehe.

Alasiri ile aliniita.

"Nusra. Niletea ndimu mbili. Na jivu la mekoni usitupe."

"Baba, kifua hicho chataka asali, si ndimu."

"Si za kifua."

Nikajua. Ndimu na jivu ni dawa ya shaba. Baba alitaka kusuguliwa risasi yake.

Mji mzima uliijua risasi ile. Ilikuwa risasi ya ndovu, ya zamani, haijapigwa, ndefu kupita kidole changu cha kati, na kichwa chake kinene kama gumba la mwanamume. Ujanani Baba alikuwa mchukuzi wa bunduki wa Mzungu mmoja mwindaji huko bara, nyuma ya Mokowe, kabla serikali haijapiga uwindaji marufuku. Kila mkesha wa Idi, mama akisugua masinia, Baba naye huitoa risasi kwenye kitambaa, akaisugua mpaka ikawaka. Majirani walikuja kuitazama. Bwana Khatib, muuza vitu vya kale wa Amu, alikuja mara tatu kuitaka. Alikaa nayo kiganjani mpaka chai yake ikapoa, na Baba akalazimika kumfungua vidole kimoja kimoja. Mganga mmoja wa Pate alituma watu aazimwe usiku mmoja tu. Hata sajini mstaafu, aliyekuja kutuonya kwamba kuweka risasi bila kibali ni jela, alimaliza maonyo yake, akakohoa, kisha akaomba aishike kidogo.

Sijui ina nini. Ukiishika, hutaki kuiweka chini.

Baba aliisimulia kwa fahari. Mwindaji, alisema, akimkabili ndovu hageuzi kichwa. Bunduki ni ya mitutu miwili. Akishapiga mbili, huifungua, macho yakiwa mbele, akaurudisha mkono nyuma, kiganja wazi. Kazi ya mchukuzi ni kutia risasi katika kile kiganja. Haongei. Hachelewi. Hapo Baba hukata hadithi, kila mara, akaikunja risasi kitambaani mwake.

Sikuwahi kumuuliza kilichofuata. Nilijua tu kwamba ami yangu Bakr, kaka yake Baba, aliuawa na ndovu huko huko bara, na kwamba kaburi lake hapa Matondoni ni pana upande mmoja, tofauti na makaburi yote. Tulipokuwa wadogo tukiuliza kwa nini, tulifinywa.

Nikaenda dukani kwa Shukri, nikachukua ndimu mbili, nikarudi. Jua lilikuwa limekwisha kuingia, adhana bado. Ni saa ile ambayo watoto huitwa ndani, kwa sababu tunazozijua sote. Mimi ni mshona kofia, nina miaka arubaini na sita, na mume niliyekuwa naye alinikimbia kwa huu mdomo wangu. Si mtu wa kuogopaogopa.

Penye gofu la nyumba, pale ndia inapobana kati ya kuta mbili, alisimama mtu.

Alinipa mgongo. Mrefu, kijana kwa umbo, kikoi kimepandishwa magotini. Mkono wake wa kulia ameurudisha nyuma, kuelekea kwangu. Kiganja juu. Vidole vimekunjuka.

Nilidhani ni maskini anaona haya kuomba usoni. Nikacheka. Nikatoa ndimu moja, nikamwekea.

"Chukua, ukakamulie samaki."

Vidole vikaifumbata. Vikaipima uzito, polepole... Kisha kiganja kikapinduka. Ndimu ikaanguka, ikabingirika mpaka kwenye ndara zangu.

"Si hini."

Sauti haikuwa kali. Ilikuwa sauti ya kijana aliyechoka kungoja.

Ndipo harufu ikanifikia. Baruti. Na nyuma ya baruti, samadi mbichi na majani yaliyopondwa. Kisiwa chetu hakina ndovu. Punda wa Shukri, ambaye hukaa akilia saa ile kila siku, alikuwa kimya.

Sikukimbia. Mwanamke wa umri wangu hakimbii njiani.

Nilikimbia.

Nyumbani shangazi yangu, Bi Mwanamkisi, alikuwa chumba cha pili akijiandaa kuswali. Baba aliuona mkono wangu kabla hajauona uso wangu.

"Mbona ndimu ni moya?"

"Imeanguka, Baba."

"Ulimpa yeye?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Yuko wapi leo?" akauliza.

"Penye gofu..."

Alifumba macho. "Miaka yote nikimuona makaburini tu. Siku niliyoanguka, alikuwa kisimani. Na leo yuko penye gofu. Basi yuwaya huku nyumbani."

"Ni nani, Baba?"

Machozi yalimtoka kwenye jicho moja, lile zima. Sikuwahi kumwona Baba akilia, hata tulipomzika mama. Akaninong'oneza, kwa mdomo ule uliopinda, neno kwa neno.

Siku ile Mzungu aliteguka mguu, akamwachia Bakr, mchukuzi mwenziwe Baba, bunduki. Ndovu alikwisha kujeruhiwa, ilibidi amalizwe. Bakr akapiga mbili. Ndovu akaanguka. Bakr akaifungua bunduki, akaurudisha mkono nyuma, macho mbele, kama walivyofunzwa.

"Nalikuwa nayo moya," Baba akasema. "Ya mwisho. Nimeifunga pembeni mwa kikoi tangu asubuhi, niwe nayo mwenyewe. Naliipenda, Nusra. Hakuna kitu kizuri nilichokuwa nacho maishani. Ndovu yu tini, nikasema moyoni, kwani ataihitaji ya nini? Nikamwambia, zimekwisha."

"Kisha?"

"Ndovu akainuka."

Nje adhana ikaanza. Baba alingoja iishe.

"Hakugeuka. Hakuniangalia. Akabaki na mkono nyuma, akingoja, maana alijua mimi simwongopei. Mpaka alipofikiwa, mkono u nyuma. Twalimrudisha Matondoni, mkono hauinami. Waosha maiti wakaukanda kwa mai ya moto, hauinami. Kaburi likachimbwa pana."

Nilimpenda Baba na nilimchukia, yote kwa pamoja, na nilimwonea uchungu yule kijana wa kikoi ambaye hata jina lake tulifinywa tukilitaja.

"Mbona hukumpa miaka yote hii?"

"Nalikwenda. Kila mwaka nalikwenda na kitambaa changu. Nikifika, nikiifungua nimpe, nikiitazama... nikirudi nayo." Akavuta pumzi. "Sasa sina mkono. Na wa kushoto haumpi mtu kitu. Isugue, iwe safi. Akiya, umpe wewe. Umpe, mwanangu, nipate kwenda. Nimechoka."

Hilo ndilo alilonitaka. Katika maisha yake yote Baba hakunitaka kitu kingine kikubwa.

Nikaifungua kitambaani. Nikakata ndimu, nikachovya jivu, nikasugua. Weusi ukahamia kwenye vidole vyangu na shaba ikaanza kuonekana, kidogo kidogo, rangi ya asali. Mimi kazi yangu ni ya mkono, naijua kazi njema nikiiona. Shingo ile iliyobonyea taratibu, hakuna kiungo. Kitako na herufi zake ndogo zimezungushwa sawasawa, nambari katikati. Niliifuta kwa kanga. Ilikuwa na joto. Nilidhani ni joto la kusugua, lakini niliposimamisha mkono haikupoa.

Nilifikiri... kitu kizuri namna hii, kitiwe mchangani?

Harufu ikapita chini ya mlango.

Baruti.

Baba akafumbua macho. "Yuwapo."

Nikatoka mpaka ukumbini, nikafungua mlango wa nje. Alikuwa dakani petu, kwenye kibaraza cha mlango, hatua moja tu. Mgongo kwangu. Kikoi chake kilikuwa na madoa yaliyokauka. Na ule mkono, nyuma, umeingia ndani ya mlango wetu. Nilikiona kiganja vizuri sasa. Kilikuwa na mikwaruzo, na kucha za kijana mdogo. Alikuwa mdogo sana, ami yangu. Angeweza kuwa mwanangu.

Kilikuwa kikitetemeka. Kidogo tu, kama mkono ulionyooshwa muda mrefu.

"Ndoo, ndugu yangu," akanong'ona, bila kugeuka. Hakuniita mimi nije; alimwita Baba. "Ndoo, yuwainuka."

Nikaunyoosha mkono wangu. Wallahi niliunyoosha. Risasi ilikuwa vidoleni, juu ya kiganja chake, pengo halifiki upana wa dole gumba. Ilibaki kuiachia tu.

Nikaitazama.

Ngoja, nikasema moyoni. Mara moja zaidi. Kesho atakuja tena, kwani amengoja miaka hamsini, atashindwa usiku mmoja? Nitampa kesho.

Ndani Baba akaita, sauti nyembamba. "Nusra... umempa?"

Kiganja kilikuwa bado wazi mbele yangu. Mkono wangu ulikuwa umekwisha kurudi kifuani, umefumba.

"Nimempa, Baba."

Nilimsikia akisema alhamdulillahi. Aliisema kwa furaha, kama mtu aliyeshushiwa gunia begani. Aliisema mara moja.

Mkono ule wa dakani ukashuka. Taratibu. Kisha hapakuwa na mtu, ila samadi ilinuka, na kutoka chumba cha pili nikasikia shangazi akitoa salamu ya mwisho ya swala yake.

Niliporudi chumbani Baba alikuwa amekata roho. Alikuwa amelala kwa ubavu, uso ukutani, mgongo kwangu. Na mkono wake wa kulia, ule uliokunjwa na kiharusi miezi mitatu, ule ambao hata sindano haukuisikia, ulikuwa umenyooka nyuma yake, nje ya kitanda.

Kiganja juu.

Vidole vimekunjuka.

Mwalimu Zaki na binamu yangu Idris ndio waliomwosha. Baada ya muda Idris alitoka kuniomba maji ya moto zaidi. Kisha akatoka tena, uso umemsawajika, akamwita shangazi pembeni. Bi Mwanamkisi alisikiliza, akakaa kwenye kizingiti, akafunika uso kwa ukaya. "Kama Bakr," akasema. "Ya Rabbi, kama Bakr." Hakuna aliyemweleza kwa nini, na yeye pekee ndiye aliyestahili kuelezwa, maana wote wawili walikuwa kaka zake. Mimi nilikuwepo.

Kaburi lilichimbwa pana.

Mwalimu Zaki aliniambia baadaye kwamba maiti hawarudi, na kwamba shetani huweza kuvaa umbo la mtu ili amtese mwenye huzuni. Ana elimu, sikumbishia. Alinishauri nisome Ayatul Kursiy, nami naisoma. Lakini hakuniuliza nina nini ndani ya mkebe wangu wa nyuzi, nami sikumwambia. Watu wakiuliza ile risasi iko wapi, nawaambia Baba aliitupa baharini kabla ya kufa. Bwana Khatib aliposikia hivyo alishika kichwa, karibu alie.

Kila Alhamisi naisugua kwa jivu tupu, bila ndimu. Naifunga kitambaani, naivaa buibui yangu, naelekea makaburini kabla ya magharibi. Nakwenda nimeazimia. Mungu ni shahidi wangu, kila Alhamisi nakwenda nimeazimia kweli.

Nao huwa wananingoja. Wawili sasa, bega kwa bega, migongo kwangu, mikono nyuma. Wa Baba naujua kwa vidole vyake vilivyopinda. Naifungua risasi. Naitazama. Giza huingia nikiwa naitazama, na mikono ile huanza kutetemeka, na mimi hulia, nikaikunja tena.

Ami Bakr hasemi kitu siku hizi. Anayesema ni Baba, wakati nimekwisha kuwapa kisogo na kushika ndia ya nyumbani.

"Nusra... umempa?"

Nami humjibu lile lile, kila mara, nisije nikamvunja moyo.

"Nimempa, Baba."