Mstari Unaouliza Ni Nani

Haya yalitokea mlango wa pili kutoka hapa, kwa mama mmoja kijana ambaye jengo zima linamwita Mama Punje, na yalianza Jumanne asubuhi, jua limetoka vizuri, nepi kumi na moja zimeanikwa kwenye kamba, redio ya jirani inasoma salamu za wasikilizaji, yaani siku ambayo ukiulizwa baadaye ilikuwaje unasema tu ilikuwa siku.

Punje ndiye mwanawe. Alizaliwa wa miezi saba, kilo moja na kitu, mdogo hivi kwamba muuguzi wa wodi alimbeba kwa kiganja kimoja akauliza hiki kipunje mnakiita nani, na jina likaganda hapohapo, lile la kwenye cheti likabaki kwenye cheti. Sasa alikuwa na miezi mitatu, anakula, anajinyoosha, analia vizuri, ana tatizo moja tu, lakini tatizo lenyewe ni la kukunyima hata kuoga kwa amani. Alikuwa anasahau kupumua. Amelala zake, kifua kinapanda kinashuka, halafu kinatulia. Muuguzi alisema watoto wa miezi saba hufanya hivyo, mfinye unyayo atakumbuka, akikua yataisha. Ila umfinye mapema. Hilo neno mapema ndilo lililomkaa Mama Punje rohoni.

Wodi iliwaazima bamba jembamba la plastiki la kuweka chini ya godoro la mtoto. Linahisi pumzi, lina waya unaochomekwa kwenye kompyuta, pumzi zikikoma linalia. Lakini lilikuwa linakusanya pumzi za nusu dakika nzima, linatafuta wastani wake, ndipo linatoa taarifa. Jumapili ya kabla ya Jumanne hiyo lilipolia, midomo ya Punje ilikuwa imeshakuwa ya bluu. Nusu dakika. Hebu hesabu mpaka thelathini huku hupumui uone.

Mumewe kazi yake ni kuandika programu za mashine za kiwanda cha kujaza chupa, mashine ambazo zikichelewa hata kufumba na kufumbua jicho, sabuni inamwagika sakafuni, kwa hiyo kuchelewa anakuchukia kama wengine wanavyochukia panya. Aliomba ruhusa ya wiki moja, akausoma mwongozo wa lile bamba hadi kurasa za mwisho zisizosomwa na mtu, akakuta kumbe lina hali ya pili. Hali ya papo kwa papo. Kila pumzi inatumwa palepale inapotoka. Ila dereva aliyekuja na bamba hakujua kuiwasha.

"Basi nitaandika dereva wangu mwenyewe," akasema ile Jumanne, yuko mezani na kaptula.

Mama yake mzazi, aliyekuja kusaidia kulea, akaacha kumenya viazi. "Dereva anaandikwa? Na gari liko wapi?"

"Si wa gari, mama."

"Miaka minne umesoma, baba, na gari hamna."

Mama Punje alicheka mpaka akamwamsha mtoto. Mumewe akaeleza kwa upole, kama anavyoeleza mambo yake, kwamba ndani kabisa ya kompyuta kuna kiini, mahali ambapo programu za kawaida haziruhusiwi kukanyaga, na dereva ni programu inayokaa humo kwa niaba ya kifaa. Kifaa kikiwa na neno kinapiga hodi. Kiini kinaacha kila kitu. Dereva anakwenda mlangoni, anauliza ni nani, akiona ni kifaa chake anasema karibu.

"Na akiona si chake?" Mama Punje akauliza.

"Ananyamaza. Mlango mmoja hupigwa hodi na wengi, ndiyo maana lazima aulize."

"Angalau ana adabu huyo dereva wako," bibi akasema, akarudi kwenye viazi.

Alasiri programu ikawa inafanya kazi, lakini ilikuwa bado inachelewa. Kidogo tu, unywele, mtu mwingine asingejali. Lakini mtu aliyeona midomo ya mwanawe ikiwa ya bluu hana kitu anachokiita kidogo. Baba Punje akapekua programu yake mstari kwa mstari akitafuta pa kuokoa muda, akafika kwenye mstari unaouliza ni nani. Akaufuta. Sasa kila hodi ijibiwe karibu, palepale, bila swali. Bamba ni moja, alijiambia, nani mwingine atakuja hapa.

Akamwingiza dereva saa kumi kasoro. Skrini ikaanza kuweka nukta nyeupe, na kila nukta na sauti yake, tik, kama ukucha unaogonga meza.

Usiku ule Mama Punje alilala usingizi wa kweli kwa mara ya kwanza tangu ajifungue, na Jumatano alioga, akasuka nywele, akala amekaa. Sauti ile ilimfuata kila chumba, akaipenda. Aliona nukta zinakuja mbilimbili, tik-tik, halafu kimya kidogo, tik-tik, ya kwanza kubwa, ya pili ndogo. Akajua ya kwanza ni kuvuta na ya pili ni kutoa. Hakumuuliza mtu. Lilikuwa jambo la wazi.

Alhamisi saa nne asubuhi alimtoa Punje kitandani kwenda kumwogesha. Amefika mlangoni, beseni liko tayari, maji ya vuguvugu, akasikia.

Tik.

Akasimama. Mtoto yuko mikononi mwake.

Tik.

Akarudi taratibu. Kwenye skrini nukta zilikuwa zinaendelea kuja, zimepangana vizuri, ila sasa moja moja. Zile ndogo hazipo. Zimebaki kubwa. Za kwanza.

Akamhamishia Punje mkono wa kushoto, akaweka kiganja cha kulia juu ya godoro. Lilikuwa na joto, na hilo si ajabu, mtoto ametoka sasa hivi. Akangoja.

Godoro likapanda. Likashuka.

Tik.

"Baba Punje," aliita, na sauti ikatoka ndogo, ya kunong'ona. "Njoo. Usikimbie. Njoo tu."

Mumewe alitazama, akasema ni mtikisiko wa friji. Wakazima friji. Akasema feni. Wakazima feni. Akalitoa bamba chini ya godoro akaliweka juu ya meza tupu, na wote wawili wakarudi nyuma hatua moja. Tik. Tik. Tik. Hakuna aliyeigusa meza.

"Kuna mstari niliufuta," akasema mwishowe.

"Mstari gani?"

Akamwambia.

Mama Punje akamkumbatia mtoto. "Yaani umesema karibu," akanong'ona, "bila kuuliza unamwambia nani."

"Nilitaka tuwahi."

Hakumlaumu. Baadaye alisema angekuwa yeye angefuta hata mistari kumi. Walirudisha bamba, wakamlaza Punje, akasinzia, na mumewe akaandika upya ule mstari. Akamtoa dereva wa kwanza. Akamwingiza yule anayeuliza.

Kimya.

Nukta kubwa hazikuja. Wakangoja ndogo.

Ndogo nazo hazikuja.

Mama Punje akainama kitandani. Kifua cha Punje kimetulia. Akafinya unyayo. Akafinya wa pili. Akamwinua, akampapasa mgongo, akampulizia usoni, mtoto kalegea kama kitambaa kibichi, midomo inaanza kugeuka.

"Mrudishe," akasema.

"Nani?"

"Yule asiyeuliza. Mrudishe."

Akaandika, akakosea, akaandika tena.

Tik.

Nukta moja, kubwa. Na baada yake, mikononi mwa mama yake, Punje akavuta pumzi kwa mkoromo, uso ukakunjamana, akalia.

Tik-tik. Tik-tik.

Wakatazamana. Wote waliona ipi ilitangulia. Wote waliona ipi ilifuata. Nyuma yao bibi alikuwa amesimama mlangoni na taulo la mtoto, hajui kompyuta, hajui kiini, lakini macho anayo.

"Mmemkaribisha nani kwa mjukuu wangu?" akauliza polepole.



Tangu saa ile nyumba ile ikawa inailinda kompyuta kama mgonjwa mahututi. Hakuna kuigusa, hakuna kuuvuka waya, bibi aliweka kiti mbele ya soketi akakikalia. Maana jambo lilikuwa wazi: akiondoka yule, pumzi ya Punje inaondoka naye, na akibaki, Punje atakua anapumua kwa kumfuata mtu wasiyemjua, akicheka, akitembea, akienda shule, na siku mtu huyo atakapoamua kusimama, hakuna unyayo wa kufinya.

Ijumaa asubuhi Mama Punje alimpigia simu muuguzi. Hakumweleza. Utamwelezaje? Akauliza tu, dada, mtoto anaweza kufundishwa kupumua?

"Anaweza," muuguzi akasema. "Ndiyo maana pale wodini tuliwafundisha kuwalaza kifuani, ngozi kwa ngozi. Mtoto huiga pumzi. Humfuata aliye karibu."

Aliye karibu. Akaishika simu hata baada ya kukatika.

Akavua blauzi, akalala chali kitandani kwake, Punje kifuani, bamba chini ya mgongo wake mwenyewe, akaomba skrini igeuzwe aione. Sasa nukta zilikuwa tatu. Ile kubwa. Ya Punje nyuma yake. Na ya kwake, pana, ya mtu mzima, inaelea peke yake popote inapotaka. Akaelewa kazi ni nini. Apumue haraka kama mtoto, na kila mara awe wa kwanza. Amwahi yule.

Ukijaribu hilo utaona. Dakika mbili kichwa kinazunguka, vidole vinakufa ganzi. Alijaribu Ijumaa yote. Akikaribia, ile kubwa inasogea mbele. Akiongeza, inaongeza. Jumamosi alijaribu tena, mumewe anamnywesha maji kwa kijiko, bibi anamhesabia kwa kidole juu ya paja. Mchana aliwahi mara moja. Halafu mara tatu. Punje akababaika, pumzi moja akamfuata mama, moja akamfuata yule, kama mtoto anayeitwa na watu wawili kutoka pande mbili za uwanja.

"Njoo huku," Mama Punje akamnong'oneza utosini, katikati ya pumzi. "Huku. Mama yuko huku."

Jumapili saa nane mchana ya kwake ilitangulia, ya Punje ikafuata, na ile kubwa ikaja ya tatu. Tena hivyo. Tena. Ikaja ya tatu mara ishirini. Halafu haikuja.

"Imeondoka," mumewe akasema.

Mama Punje alikuwa ameona wepesi. Zile pumzi za haraka zilizomchosha siku tatu zilikuwa zinatoka zenyewe sasa, bila kazi, kama mtu aliyepokewa mzigo kichwani.

"Mtoe dereva," akasema.

Akamtoa. Skrini ikasimama. Na Punje, kifuani, akapumua, akapumua, akapumua. Bibi alihesabu kwa sauti hadi mia, akapita mia, akafika mia mbili na kitu, ndipo akaanza kulia. Jumatatu bamba lilirudishwa wodini ndani ya mfuko wa plastiki. Muuguzi alimsikiliza mtoto kifua, akasema huyu mzima kabisa, mmefanya nini? Wakasema ngozi kwa ngozi.

Wiki mbili zikapita na Punje hakusahau hata mara moja. Alinenepa mashavu. Bibi akarudi kwake.

Asubuhi moja ya baridi Mama Punje alisimama dirishani kumtazama mumewe akivuka barabara kwenda kazini, amembeba Punje kifuani, pua ya mtoto karibu igusane na kioo. Kioo kilikuwa safi, alikuwa amekifuta jana yake.

Duara la ukungu likajichora mbele ya mdomo wa Mama Punje. Pana kama kisahani.

Alikuwa hajapumua bado.

Akapumua. Likajichora la pili, pembeni ya lile. Punje akapumua. Likajichora la tatu, dogo, kama kifungo cha shati.

Akalifuta la kwanza kwa kiganja. Likajichora tena.

Akabana pumzi. Makusudi. Akafunga mdomo akakaza kifua, na palepale akamsikia Punje naye ametulia, kimya, anamngoja.

La kwanza likapanuka. Likasinyaa. Likapanuka.

Halafu kifua chake mwenyewe, hakukiruhusu, kikafuata. Na cha Punje.

Jua lilipopanda, yale maduara mawili yalikauka. La kwanza halikukauka. Limeoshwa kwa sabuni, ndani na nje, na kioo kimebadilishwa. Lipo. Ukisimama ukalitazama bila kuwa na haraka utaona ukingo wake unaingia, unatoka.