Miti Iliyopimwa Kitandani

Cherehani ilinguruma tangu asubuhi. Mama alikuwa akishona sare za shule. Nyuma ya pazia, binti yake alijilaza kitandani, simu mkononi. Binti huyo alisomea misitu chuoni, na masomo yote yalikuja kwa mtandao.

Jirani yao wa ofisi ya misitu, waliyemwita Bwana Miti, alibisha hodi na karatasi mkononi.

"Hongera, dada! Chuo kimeniletea kazi ya binti yako. Kapima miti arobaini pale juu ya chemchemi. Yote imekomaa. Wakataji wanakuja kesho kutwa."

Mguu wa Mama ukaganda kwenye pedali.

"Kapima lini? Wiki nzima huyu hajavaa hata viatu!"

Binti akatoka, macho chini. "Mama, video ya somo iligoma kufunguka. Mwalimu nimemwandikia mara tatu, kimya. Nikanakili vipimo vya mwenzangu."

"Mwenzako kapima miti ya wapi?"

"Ya kwao. Mbali."

"Ala! Mimi nikimkatia mtu suruali kwa kipimo cha jirani yake, atavaa nini? Maji tunayokunywa yanatoka chini ya miti ile!" Akamgeukia jirani. "Na wewe, mtu mzima! Unaruhusu msumeno kwa namba za karatasi?"

Bwana Miti akajikuna kisogo. "Hapo umenipata, dada."

Mama akachomoa futi ya kushonea shingoni. "Twendeni!"

Mlimani, Bwana Miti alieleza.

"Usipime chini, shina limevimba. Pima mita moja na sentimita thelathini kutoka ardhini, kama kifuani hapa. Kwenye mteremko, simama upande wa juu. Zungusha futi, usilegeze."

Binti alipima, akaandika.

"Mtandao unakufundisha njia," jirani akaendelea. "Mti unapimwa kwa mikono. Video ikigoma, njoo ofisini uipakue, uitazame hata pasipo mtandao. Na usipoelewa, uliza. Usibuni."

Kati ya miti arobaini, iliyofikia unene wa kukomaa ilikuwa sita tu. Bwana Miti aliichana ile karatasi palepale.

Kisha Mama akampigia mwalimu. Alimpasha mpaka simu ikapata moto. Tangu siku hiyo chuo hakipokei vipimo bila sahihi ya ofisa aliyeshuhudia, na mwalimu hujibu maswali kila Jumatatu.

Wakataji walikata sita, wakaondoka. Chemchemi inatiririka.

"Wewe, nirudishie futi yangu!" Mama hupaza sauti.

"Bado napima, Mama!" binti hujibu, viatu vimejaa matope.