Yowe Langu Lilimuua Kaka Yangu

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, naishi Tanga mjini, na mkono wangu wa kushoto haunyooki tena. Niacheni niseme, maana nikinyamaza nitapasuka!

Nilipata kazi ya kukusanya maoni kwenye utafiti wa huduma za dharura. Tulipita Muheza, Tongoni, hadi Pangani tukiuliza watu: likikupata la kukupata, unamwita nani? Wanawake walinicheka. Mama mmoja wa Pangani akaniambia, "Wee mwanangu, ukilia unapigwa na mumeo, watasema ni mambo ya ndani. Sema mwizi! Mtaa mzima utatoka." Nikaliweka moyoni, kwa sababu mume wangu, Seif, alikuwa akinipiga...

Mchana mmoja Seif alifunga mlango, akashika panga. Kosa langu? Eti nimecheka kwenye simu na dereva wa kazini! Alianza kunichapa kwa ubapa, kisha akageuza makali. Nikaona mfupa wa mkono wangu mwenyewe... Nikapiga yowe: "Mwizi! Mwizi jamani!"

Wa kwanza kufika alikuwa kaka yangu Athumani, aliyekuwa anakuja kututembelea kutoka Muheza. Alivunja mlango, akamnyang'anya Seif panga. Alhamdulillahi, nikajua nimepona!

Seif akachomoka nje. Watu walishajaa, wana mawe na marungu. Mume wangu, baba wa wanangu, akamnyooshea shemeji yake kidole na kusema, "Ndiye huyo!"

Athumani alikuwa mlangoni, panga mkononi, damu yangu kifuani. Pale mtaani hakuna aliyemjua. Nani angemuuliza? Tofali la kwanza lilimpata usoni. Nilitambaa nikilia kwamba ni kaka yangu, tumbo moja! Wakanivuta pembeni, wakisema maskini, mama wa watu kachanganyikiwa. Walimpiga mpaka sikuweza kumtambua... Gari la wagonjwa lilipofika lilinichukua mimi. Yeye walimfunika kanga yangu.

Seif yuko mahabusu. Inanisaidia nini? Nikimwamkia mama, shikamoo, anageuza uso.

Dada zangu, msikae na mwanamume anayewapiga mkingoja yowe liwaokoe. Ondokeni mapema! Na mkipigwa, semeni mnapigwa, mtajeni kwa jina!

Nanyi majirani zangu... miaka yote mlinisikia nikilia, mkaongeza sauti ya redio. Kwa nini ilinibidi niseme uongo ndipo mtoke? Nawaomba, mke wa mtu akilia, tokeni. Tokeni mikono mitupu, na mumuulize mtu jina lake kabla hamjamgusa!