Chale za Wamaza

Siku ya soko la mpunga, Kasongo haikuwa na pa kuweka mguu. Malori yalinguruma, wakulima waligombana na wanunuzi kwenye mizani, na vumbi liliingia mpaka kwenye meno. Feza alikuwa ameketi nje ya duka la shangazi yake Mwanvua akidarizi kofia. Alikuwa amejifunga kitenge cha manjano kilichomkaa vizuri, na alilijua hilo. Mara kijana mwenye kaptula ya kaki na penseli sikioni akasimama mbele yake, akamzibia mwanga.

"Binti, niazime uzi. Iko boriti kule kwenye banda, nataka kupiga mustari."

"Uzi wa kofia?"

"Nitaurudisha."

"Utaurudisha mweusi na makaa. Mutu wa musikiti atavaa nini, sufuria?"

Kijana akacheka, na cheko lake ndilo lililoleta balaa lote. Jina lake Marcellin, fundi seremala. Wazazi wake walikufa angali mchanga, mapadri wakamlea, wakamfundisha randa na msumeno. Hakuwa na kaka wala mjomba, na kila alipomwona mtu akigombana na ndugu zake alimwonea wivu. Uzi hakuurudisha. Alileta kiti, kifupi cha kudarizia, na Feza alipokikalia Mwanvua alitikisa kichwa, kwa kuwa alijua msichana hapewi kiti bure.

Wakapendana kama wapendanavyo watu wasio na pa kujificha. Jioni walitembea njia ya misheni wakiacha nafasi ya mtu mmoja kati yao, na maneno yakaijaza nafasi hiyo.

"Ukicheka hivi, roho yangu, sitafika kazini kesho," Marcellin alisema.

"Usiende. Utakula mbao."

"Nitakula mukono wako."

"Mukono wangu uko na baba yake, Wamaza. Umuombe yeye."

Alisema hivyo kwa utani, lakini hakutania. Marcellin alikuwa hajafika Wamaza, kijijini kwa baba yake Feza, na Feza alikuwa anangoja.

Ndipo kampuni moja ya Katanga ikatuma watu kutafuta mafundi. Walimwona Marcellin akiunga dirisha la ofisi, wakamwandika siku hiyohiyo. Nyumba ya matofali, posho, kazi ya mashine. Lakini enzi ile ya Wabelgiji mtu hakuhama atakavyo. Ilitakiwa pasipoti ya kuhama, na Feza alikuwa ameandikwa Kabambare, chini ya sultani wa Wamaza. Bila neno la sultani huyo asingevuka hata mto. Kambi ya wafanyakazi kule Katanga nayo ilipokea mke aliyeandikwa, au ndugu wa kumpikia fundi asiye na mke. Mchumba hakuwa na nafasi.

Kasongo kulikuwa na watu wawili waliojua njia za ofisi. Feza alitaka waende kwa Antoine, karani aliyeacha kazi, mzee mwenye kisukari na ulimi mchungu. Aliwapokea bila kuwakaribisha wakae.

"Baba yake anakujua?"

"Bado," Marcellin alijibu.

"Unakuja kwangu kufanya nini? Nenda Wamaza, ujulikane, utoe mahari, padri awaandike. Halafu urudi."

"Lori la Katanga linaondoka kabla ya mvua."

"Lori si baba yako. Lingine litakuja."

"Na kazi itaningoja?"

"Sijui. Mi si kazi."

Walipotoka, Marcellin alikuwa amekunja uso. Feza alimshika kidole kimoja, haraka, watu wasione.

"Anasema kweli," alimwambia.

"Anasema kama mutu mwenye kuchukia watu."

"Vyote viwili vinawezekana, mupenzi. Nenda Wamaza. Mi nitakungoja, hata Katanga ikipita."

Marcellin akakubali. Hakumwambia kwamba njiani angepitia kwa Faradji, yule mtu wa pili aliyejua njia za ofisi.

Faradji alikuwa mtu wa kanzu safi na kahawa ya kukaribisha wageni, na sitamsingizia wizi, maana alichoahidi alikitoa. Alisikiliza, akatabasamu, akasema mambo ni mepesi. Mahari ingechukua miezi. Lakini ndugu hasubiri mahari. Marcellin achanjane udugu wa damu na Sumaili, kaka yake Feza, na tangu siku hiyo angekuwa mtoto wa nyumba ile. Sultani hawezi kumkatalia kaka kumchukua dada yake akamtunzie nyumba. Habari za uchumba zisitajwe kabisa.

"Na kuoa?" Marcellin aliuliza.

"Mukifika kule mutaoana. Nani wa Katanga anajua chale za Wamaza?"

Faradji alizaliwa mjini, karatasi zote akizijua, na chale kwake zilikuwa mambo ya washamba. Marcellin naye alilelewa bwenini. Hawa wawili ndio walioongozana kwa baiskeli kwenda kucheza na jambo wasilolijua.

Huku Kasongo, Feza alidarizi kofia akiimba chinichini. Alimwambia Mwanvua kwamba sasa hivi huko baba anauliza ukoo wa kijana. Alinunua marashi. Alipoisikia kengele ya baiskeli alitoka mbio bila viatu.

Marcellin alikuwa ameng'aa. Alivaa shati jeupe lililokunjwa mikono, na mkononi alikuwa na karatasi yenye mhuri.

"Tumepita," alisema. "Sultani ameweka muhuri. Tunasafiri pamoja."

"Baba amesema nini?"

"Amenipenda. Sumaili naye, ni mutu sana. Tulilala nyumba moja tunapiga hadithi. Feza, mi sikujua vile inakuwa kuwa na ndugu."

Feza akaona chale mbichi mbili juu ya mkono wake wa kulia.

"Hii ni nini?"

"Damu kidogo tu, juu ya ini ya kuku. Mimi nikala yake, yeye akala yangu. Akili ya Faradji." Akacheka. "Kwenye karatasi wewe ni dada yangu. Tukifika tutafuta."

Feza alikaa chini, mavumbini, na kitenge chake cha manjano.

"Marcellin. Walikuambia nini kabla ya kula?"

"Maneno marefu, kwa Kibangubangu chenu. Mi nilikuwa naitikia."

"Mutu mwenye kulala na dada ya ndugu yake wa damu, watoto watakufa tumboni. Na ndugu mwenyewe atakufa. Ndivyo ulikuwa unaitikia."

"Hayo ni maneno ya wazee."

"Ni maneno ya kaka yangu. Ungesema unataka kunioa, angekukatalia lile ini. Angekuita shemeki, na leo ningekuwa nafundwa ndoa na mashangazi."

Marcellin alichuchumaa, akataka kumshika bega. Feza aliondoa bega.

Walirudi kwa Antoine. Aliitazama karatasi, akautazama mkono.

"Karatasi naweza kuifuta kesho," alisema, na safari hii sauti yake haikuwa na ukali. "Ile ingine haiko kazi yangu."

Feza akaenda Wamaza peke yake kumlilia Sumaili. Sumaili alisikiliza mpaka mwisho, kisha akalia naye. Lakini alikuwa na mke mjamzito ndani. Alisema hawezi kuweka kifo mlangoni mwake kwa ajili ya mtu aliyemdanganya, na hawezi pia kumchukia, maana amekwisha kula damu yake.

Asubuhi ya lori, Marcellin alimngoja Feza kwenye uwanja. Alikuwa amevaa koti la kuazima na viatu vya ngozi. Wanawake wa mafundi wengine walikuwa wakipandisha masufuria.

"Panda," alimwambia. "Karatasi iko sawa. Kule hapana mutu atajua."

"Mi nitajua."

"Feza, ninakupenda."

"Najua. Kama hungenipenda ningepanda, nikupikie kama dada, nisiwaze." Machozi yalimtoka naye hakuyafuta. "Nilikuambia nitakungoja hata Katanga ikipita. Ulishindwa kungoja wewe."

Marcellin akapanda peke yake. Lori likaondoka naye.

Feza alikaa Kasongo akidarizi. Alimkumbuka kwa hasira, halafu kwa mapenzi, na mapenzi ndiyo yaliyomchosha zaidi. Hatimaye Atumani, mfanyabiashara wa mchele wa Nyangwe, mtu mpole, akapeleka wazee Wamaza. Feza hakukataa. Alitaka kupumzika.

Baba yake aliipokea posa, lakini hakuijibu. Alisema binti ana kaka wawili, na mmoja yuko Katanga. Akatumiwa habari.

Marcellin alikuja. Alikuwa amenenepa kidogo, suti ya kijivu, saa mkononi. Alikuwa hajaoa. Walimkalisha kando ya Sumaili, mahali pa watoto wa kiume. Feza alikuwa upande wa wanawake, amefunikwa leso, akimwona kupitia kitambaa. Alitaka aseme hapana. Alijua neno hilo halingemfaa kitu yeyote kati yao, na bado alilitaka kuliko harusi yenyewe.

"Sumaili amekubali," baba alisema. "Umebaki wewe. Dada yako aolewe, ao asiolewe?"

Marcellin aliinamisha uso. Watu wakadhani anatafuta maneno ya heshima, kama mtu aliyekaa sana ugenini.

"Ni mutu muzuri?" aliuliza.

"Ni muzuri," Sumaili alijibu.

"Basi mi kaka yake. Ninakubali."

Vigelegele vikapanda. Shangazi Mwanvua akamsukuma Feza mgongoni, kwa kuwa bibi harusi ndiye huwanawisha kaka zake waliomtoa. Feza akafunua leso, akachukua birika na beseni, akapiga magoti mbele ya Sumaili, halafu mbele ya Marcellin. Alimmiminia maji polepole. Mikono ile aliijua yote, hata kucha iliyopondwa na nyundo.

Marcellin alinawa, akakung'uta vidole, akamtazama.

"Asante, dada," akasema.

Feza akaitikia kama alivyofundishwa, akabeba beseni nje kumwaga maji.