Pasipoti Iliyopotelea Balangdalalu

Gari aina ya Noah lilikuwa limeshaiacha Katesh nyuma, linaingia Mogitu, saa mbili na robo asubuhi, Violeth alipofungua pochi ya bibi yake. Akaifunga. Akaifungua tena.

"Wilbard, simama."

Dereva akaegesha pembeni ya shamba la ngano. Pasipoti ya Violeth ilikuwepo, na tiketi mbili za London zilikuwepo. Pasipoti ya Bibi Efrazia haikuwepo. Ndege ingeondoka Kilimanjaro saa kumi na moja jioni. Wakirudi nyumbani Balangdalalu kuitafuta, safari ndiyo imekwisha.

Violeth ni muuguzi huko London, na alikuwa amekuja kumchukua bibi akatembee. Watu walikuwa wamemcheka Efrazia: unaenda kutazama mji na mtoto wa jicho pande zote mbili? Naye anawajibu, "Ile saa yao kubwa haitazamwi, inasikilizwa." Aliisikia utotoni kwenye redio ya padre, ikigonga kutoka huko huko, na hakuwahi kuisahau.

Bahati nzuri, ndani ya gari alikuwemo Restituta, jirani yao, sajini mstaafu wa upelelezi. Aliteremka, akajinyoosha mgongo.

"Hakuna kuondoka. Violeth, uliiona mara ya mwisho lini?"

"Saa kumi na moja alfajiri. Niliiweka kwenye pochi, pochi nikaiweka kitandani kwa bibi, nikaenda kuoga. Niliporudi bibi alikuwa ameikumbatia, na hakuiachia mpaka nilipoichukua sasa hivi."

"Basi imechukuliwa ulipokuwa unaoga. Mama Efrazia, wakati huo walikuamkia akina nani?"

Efrazia alikuwa amekaa kiti cha mbele, mtandio mpya kichwani. "Wilbard, alikuja kuchukua begi. Halafu Bonaventura. Shikamoo zao nilizipokea."

"Mtu hawezi kuingia bila kukuamkia?"

"Kwangu? Nani huyo?"

Wilbard akaanza kutokwa jasho. "Mimi nilibeba begi tu, afande. Bibi asiposafiri silipwi. Nijiibie mwenyewe?"

Hilo lilikuwa na maana. Restituta akamgeukia Bonaventura, mpwa wa Efrazia, kijana wa miaka thelathini asiye na mke, ambaye wiki nzima alikuwa anasema mtu wa kupelekwa London ni yeye.

"Fungua zipu ya pembeni ya hiyo pochi, Violeth, kuna ncha ya karatasi imechomoza," alisema Restituta.

Ikatoka picha kubwa ya Bonaventura, kavaa miwani ya jua, kaegemea pikipiki ya mwalimu wa kijijini.

"Kumbe uliifungua pochi," Restituta alisema.

Bonaventura akaangalia viatu. "Niliifungua, afande. Niliweka, sikutoa. Nilitaka shangazi aionyeshe huko. Labda kuna binti atapenda."

"Na pikipiki ya mwalimu ataipenda pia?" Violeth akauliza, na Wilbard akacheka mpaka akaegemea usukani.

"Ulipoweka picha, pasipoti ulikuta ngapi?"

"Moja. Nikajua nyingine mnayo mkononi."

Kwa hiyo kuna mtu alishatangulia kabla yake. Mzee Yohanes, kaka mkubwa wa Efrazia, alikuwa nyuma kabisa, kanyoa vizuri, koti limefungwa vifungo mpaka shingoni, na jua lilikuwa limeshaanza kuunguza. "Twendeni tukaseme uwanjani imepotea," alisema. "Ataenda mwakani. Mwaka si mbali."

"Mzee umependeza," Restituta akamwambia.

"Ndilo koti la picha," Wilbard akadakia. "Juzi nilimpeleka Katesh akapiga vile vipicha vidogo."

Restituta akarudi mbele taratibu, akainama dirishani.

"Mama, nilikuuliza vibaya. Wewe mwenyewe asubuhi ulimwamkia nani?"

Efrazia akafikiri, kisha akaanza kucheka polepole. "Kwa umri wangu nimebakiwa na mtu mmoja tu wa kumpa shikamoo. Alikuja, nikamwamkia, akajibu marahaba, akakaa kidogo kitandani. Kaka, fungua koti."

Yohanes akafungua kifungo kimoja kimoja. Pasipoti ilikuwa mfuko wa ndani, na katikati yake vipicha vinne vya Yohanes mwenyewe.

"Babu, si nilikualika Machi?" Violeth alisema. "Ukasema ng'ombe hawana wa kuwaangalia."

"Nilisema mbele ya watu, nitageuzaje kauli? Halafu huyu kila jioni, saa, saa. Redio ya padre tulisikiliza wote. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni akafika dirishani kwa padre. Nilitaka asubiri kidogo, na mimi nipate pasipoti yangu, twende wote."

"Ungesema," Efrazia akajibu. "Haya, hukumu yako: utaangalia na ng'ombe wangu. Wilbard, washa gari."

Walifika uwanjani saa nane. Huko London Efrazia alipanda boti mtoni, akaenda kwenye ukumbi wa nyimbo, akapiga makofi kabla ya wenzake. Siku ya tatu, saa sita mchana ya kule, aliinua simu chini ya ile saa kubwa. Balangdalalu ilikuwa saa nane. Yohanes alivua kofia, simu sikioni, akahesabu milio yote kumi na miwili. Bonaventura hakujibiwa na mtu, akamwoa Ludovika wa kijiji cha Getanuwas. Wilbard alilipwa. Restituta aliletewa mwavuli. Yohanes alipata pasipoti Oktoba, na Juni iliyofuata walikwenda wote wawili. Picha ipo: Efrazia kafumba macho anasikiliza, na kaka yake kasimama pembeni na koti lile lile, vifungo wazi.