Kitenzi Chenye Mkia

Duka la fotokopi lilifurika watu mchana ule, na mashine iliyokuwa nzima ni moja tu. Nesi mmoja mwenye gauni jeupe na sweta la bluu alinyakua karatasi zake akageuka kuondoka. Mwanamume mwenye vumbi la chaki kwenye shati akamwita.

"Sista, umebeba mazoezi yangu!"

"Dada yako yuko kwenu," nesi akamjibu, huku akizikodolea macho karatasi. "Haya madudu ndiyo nini?"

"Vitenzi vya Kiingereza vyenye mkia. 'Put' ni kuweka, lakini 'put off' ni kuahirisha. Jambo likiahirishwa, 'was put off', mkia haubanduki. Ila aliyeliahirisha, si lazima umtaje."

"Kumbe kama wodini kwetu! Shuka zimechukuliwa, dawa zimesahauliwa, aliyefanya hajulikani."

Wakacheka. Wiki hiyohiyo nesi akawa anakaa dawati la mbele katika darasa la jioni la mwalimu huyo. Alikuwa na mtihani wa Kiingereza, na akifaulu, hospitali ya ng'ambo ingemwajiri. Mwalimu alilijua hilo mapema akampenda vivyo hivyo, naye akapendwa. Kipendacho roho hula nyama mbichi. Kadiri alivyomfundisha vizuri ndivyo alivyomsukuma aende, na kumfundisha vibaya hakuweza, masikini.

Darasani alikuwa na sheria moja: kila mfano uwe wa kweli, utoke kwenye maisha yako. Jioni moja nesi akaandika ubaoni: "My wedding was called off." Harusi yangu ilivunjwa. Siku zikapita mwalimu hapokei simu zake, hadi nesi uvumilivu ukamshinda.

"Ticha, umeninunia?"

"Ulikuwa na mchumba, hukuniambia."

"Nimekwambia mbele ya darasa zima! Si wewe uliyetaka ukweli? Ya zamani hayo, mpenzi, hata sijakujua."

"Nani aliivunja?"

"Mimi." Akavuta pumzi. "Nilimwambia nataka kusafiri, akasema niamue mwenyewe. Hata neno moja la kunizuia hakuwa nalo. Nikajua hapa sina mtu."

"Nisamehe, laazizi. Wivu tu."

"Wivu nimeupenda. Kununa acha."

Wakapatana. Kisha matokeo yakatoka: amefaulu. Mwalimu akampongeza kwa sauti ya furaha, akaenda kujifungia chooni akalia.

Siku ya safari, kwenye mlango wa abiria wa uwanja wa ndege, nesi alivaa gauni la njano na viatu vipya vinavyombana. Hakuingia, akamgeukia mwalimu.

"Huna neno?"

"Nikikuzuia nitakuwa nimekuonea."

"Sijakuuliza kuonea. Nimekuuliza neno."

Mwalimu akafuta miwani, akaivaa, akaifuta tena. Watu wakawapita na mabegi yao.

"Usiende," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo sana.

Nesi akamkumbatia, akamlowesha shati kwa machozi. "Asante. Sasa nina pa kurudi." Akabeba begi lake, akaingia.

Jioni ya darasa lililofuata wanafunzi wakadai mfano. Mwalimu akaandika: "She was seen off."

"Alisindikizwa," akawafafanulia.

"Na nani, Ticha?"

Akaongeza "by me", na akabaki ameuelekea ubao, akifuta mahali palipokwisha kufutwa.